Mapacha wa Kimea Wangali Mlangoni

Nasinzia, na sikatai, maana mtu wa umri wangu akisema ameketi tu kupumzisha macho ni mwongo, nami uongo wangu nimeuweka akiba kwa mambo makubwa. Ni mchana, nimeshakula, mvua nyembamba inanyunyizia migomba huko nje, na mimi nimejilaza mkekani ndani ya kibanda cha pombe, sikio nimelibandika kwenye ubavu wa pipa la mti nisikilize kama mbege yangu, pombe ya ndizi na ulezi, inachemka. Mbege inayoiva ina sauti, kama watu wengi wanaosengenya nyuma ya ukuta. Hii yangu imenyamaza. Imenyamaza tangu jana jioni, na leo alasiri anakuja Haikaeli, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye hajakanyaga uwanja huu wa baba yake kwa miaka thelathini na mitatu, na sababu ni mimi, ingawa yeye hajui kuwa ni mimi. Ngoja niliseme kabla usingizi haujanimeza. Katika boma letu hili, mtu aliyeondoka kwa uchungu akirudi, mama wa nyumba anampikia mbege kwa mikono yake mwenyewe, anaionja mbele yake, anasema neno lililo kati yao, halafu anampa kata. Mbege ikiwa imeiva, neno limepokewa. Ikiwa bado tamu kama uji, neno nalo ni bichi, linarudi tumboni kwa aliyelisema mpaka upishi mwingine. Upishi mwingine ni siku kumi, na Haikaeli ana miaka themanini na mbili na moyo ambao daktari anasema umepanuka. Ametuma ujumbe kuwa anakuja kwa siku moja tu, aonje mbege ya kwa baba yake, kisha arudi kwa binti yake kule Kahe. Kwa hiyo ni leo. Jana nilipoona ubaridi unalichelewesha pipa nikafanya jambo ambalo mama mkwe angenichapa vidole kwa kulifanya, nikamwaga ndani kilo mbili za sukari nyeupe ya dukani, nikakoroga, nikaliambia pipa, haya, kimbia. Halikukimbia. Likaacha hata kutembea.

Sikio langu linaloana. Ubao wa pipa unalegea kama ganda la ndizi iliyopitiliza, nami naingia, sikio kwanza, kichwa kikafuata, mabega yakakwama kidogo kama mtu anayejaribu shati la mtoto, halafu nikawa ndani. Sizami. Nimekuwa mdogo, mdogo kuliko punje ya ulezi, mdogo kuliko vumbi la punje ya ulezi, na mbele yangu kuna barabara. Ni nyuzi za ndizi, nyeupe, ndefu, zinapishana juu na chini, na kila niliyoifuata inakwenda mbali sana halafu inanirudisha pale nilipokuwa, ila pale nilipokuwa si pale tena. Miguu inanata kwa utamu. Kuna harufu ya ndizi mbivu na majivu na uchungu wa gome la msesewe, na ghafla nina miaka kumi na tisa, ni mke mgeni katika boma hili, moshi unatoka kwenye nyasi za paa, mbuzi anacheua ndani upande wake, na mama mkwe ananiuliza kwa sauti ile ile kama nyumbani kwetu walinifundisha kitu chochote zaidi ya kucheka. Nataka kuijibu harufu hiyo. Nataka kuikalia kama kigoda.

Pembeni yangu anatembea mtu. Ni wa mviringo kama tonge, hana uso, sauti yake inatoka tumboni, na kwenye bega lake kuna uvimbe unaokua huku tunatembea, uvimbe unakuwa na bega lake mwenyewe, na kwenye bega hilo tayari kuna kijipu kingine. Namwambia, hujambo mwenyeji. Anasema, mimi ni mama wa huyu, na huyu ni mimi, na mimi ni mtoto wa aliyekuwa mimi. Nasema, hapo mkunga angeacha kazi. Anasema, ndizi mlizozipika zilipopoa tulikuwa kumi, juzi tukawa taifa. Basi najua ninayetembea naye, ni chachu, ni yule tusiyemwona anayefanya kazi yote halafu sifa tunachukua sisi wenye mwiko. Namuuliza, mbona mmenyamaza? Anasema, kitendawili. Nami nimesoma mpaka darasa la nne, nayajua haya, nasema, tega. Anasema, wageni wangu huja wawili wawili. Hawa nawatenganisha uani, wale nawatenganisha chumbani, nami hupokea mmoja tu kwa heshima. Nasema, mke mkubwa na mke mdogo. Hapana. Nasema, viatu. Hapana, nipe mji. Nasema, chukua Moshi, maana ni karibu.

Na Moshi inakuja. Linapanda povu moja kutoka chini, jembamba, linang'aa kama kioo, na ndani yake kuna Moshi yote, mnara wa saa na barabara zake, lakini kichwa chini, na nyuma yake linapanda povu jingine lenye Moshi nyingine iliyonyooka, na jingine, na jingine, na katika kila moja namwona kikongwe mwenye kitenge changu anaingia mjini. Nafuata wote. Ndani ya mji nyumba ni za mviringo, hazina madirisha, kila nyumba ina milango ya namna moja tu, na penye milango hiyo kuna msukumano ambao sijauona tangu zama za kupanga foleni ya sabuni. Wanakuja watu wawili wawili, wamefungwa kiuno kwa kiuno, mweupe mmoja na mnene mmoja. Ni sukari yangu ya dukani, naijua kwa haraka yake. Mlinzi anasimama uani na mkasi, anakata kamba, na hapo hapo Mweupe anamwacha mwenzake anakimbilia ndani bila hata kugeuka. Mnene naye anataka kuingia mlango ule ule. Huyu ni ndugu wa utamu wa matunda, mtamu kuliko wote, lakini kila akikaribia, Weupe wengine kumi wanampita kwapani. Anabaki uani anatoa jasho la asali. Kiongozi wangu anasema, yule ndiye unayemwonja wewe ukichovya kidole. Namwambia Mnene, pole baba. Ananiambia, mama, mimi siku zote ni wa pili, hata kwenye ndizi nilikuwa wa pili, lakini kule foleni ilikuwa ya kistaarabu. Nani amewaita watu wote hawa? Natazama juu, kama mtu anayesubiri mvua.

Tunazunguka nyumba na nyuma yake kuna ukuta, na ukutani wameketi wengine, wawili wawili pia, wa rangi ya kahawia, wanafanana kama macho mawili, wameshikana mikono. Hawasukumani. Ndio utamu wa kimea changu, wana harufu ya ulezi uliochipua gizani chini ya majani ya mgomba, ukaanikwa, ukasagwa, na mimi nakumbuka Haikaeli akinionyesha jinsi ya kulaza kiganja juu ya kimea ili ujue kama kimepata joto, anasema, kama paji la uso la mtoto, Ndetaramo, si kama sufuria. Miaka hiyo hakuna aliyekuwa ameniita jina langu katika boma hili ila yeye. Nawauliza mapacha, mnangoja nini? Wanasema kwa pamoja, mlango. Nasema, uko wapi? Wanaonyesha ukuta, umesilibwa udongo mbichi. Kiongozi anasema, kitendawili. Nasema, tega. Anasema, kisipogongwa chaliwa. Nafikiri sana. Nasema, ngoma ya ngozi, mbwa huila. Anacheka kwa tumbo, uvimbe wake unacheka pia. Anasema, mlango huo. Kabla ya jana walikuwa nao, mlango wao wenyewe, mapacha wanaingia wameshikana mikono hivyo hivyo, tunawatenganisha ndani, tunakula wote wawili, hakuna anayeachwa uani. Alipofika Mweupe tuliufunga. Alipozidi, tuling'oa mbao zake tukazitafuna. Nani atatunza mlango wa mgeni anayetafunwa kwa shida wakati kuna anayejitosa mwenyewe kinywani? Mapacha wanasema, hatuna kinyongo. Hilo ndilo linaloniuma.

Tunaendelea, au barabara ndiyo inaendelea na sisi tumesimama. Kiongozi anasema, kitendawili. Nasema, tega, lakini sauti yangu imepungua. Anasema, nilimfukuza mgeni kwa kumkaribisha mwingine, wala sikunyanyua mkono. Jibu nalijua. Nimelijua kabla hajamaliza. Nasema, sijui, chukua Marangu. Anasema, haitoshi. Nasema, chukua Arusha na magari yake. Anasema, nipe ule ulioubeba. Nasema, sibebi mji mimi, nina mgongo. Anasubiri. Mtu asiye na uso akisubiri, huwezi hata kumkwepa macho. Basi nampa. Nampa uwanja.

Povu linalopanda safari hii halina haraka, na ndani yake ni hapa hapa, boma letu, miaka thelathini na mitatu iliyopita, asubuhi, jua linapenya kwenye migomba vipande vipande. Mama mkwe yupo, ameketi kwenye gogo, miguu ameinyoosha. Haikaeli anakoroga pipa, mkono wake wa kuume umelowa mpaka kwenye kiwiko, anaimba kitu ambacho maneno yake ya mwisho ameyabadilisha ili kumtukana shemeji fulani, nami pale pembeni, kijana wa miaka arobaini, nacheka mpaka najishika ukuta. Jamani, tulivyokuwa tunacheka. Mwaka wa kwanza nilipopika pombe ikawa chungu kama dawa ya minyoo, aliinywa yote yeye peke yake, kata baada ya kata, ili mama yake asijue, akalala siku mbili akasema ni malaria. Huyo ndiye niliyemfanyia ubaya. Kesho yake, ndani ya povu, watakuja wakwe, ni posa ya Nsiande, binti yake Haikaeli aliyelelewa hapa hapa bomani, na pombe ni ya Haikaeli. Jioni hii, kabla wakwe hawajafika, mama mkwe anasema mbele ya wanawake wote, mkono wa Haikaeli ukigusa maji tu, maji yanalewesha. Mimi hakunitaja. Nimesaga ulezi wote ule, nimebeba ndizi zote zile, hakunitaja. Ndilo hilo tu, jambo dogo hata kulihadithia ni aibu. Namwona yule Ndetaramo wa ndani ya povu anapita na kifurushi cha sukari chini ya khanga. Anataka mzaha. Anataka pombe iwe kali mno, wakwe waanguke kwenye miti ya kahawa, watu wamcheke Haikaeli kidogo, wiki moja tu. Namkimbilia. Namshika kifundo cha mkono, na mkono ule ni huu huu, ninaushika na unamwaga, ninaushika na unamwaga.

Wakwe wanakuja. Pombe imelala, tamu, nzito, kama ilivyolala ya leo. Mzee wao anaonja, anaiweka kata chini ikiwa imejaa, anasema kwa upole, ambao ni mbaya kuliko matusi, mama, sisi watoto tumewaacha nyumbani, uji huu atakunywa nani? Posa haikuvunjika, lakini mama mkwe anainuka, anauchukua mwiko kutoka mkononi mwa Haikaeli, ule wa mti mwekundu uliotoka kwa mama yake, anasema, mkono umepoa huu. Ananipa mimi. Na mimi naupokea. Hapo, hapo ndipo. Sukari ningeweza kuiita mzaha, lakini mwiko niliupokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Haikaeli hakupika tena maishani. Nsiande alipoolewa Kahe alimfuata, na akawa mtu wa kuwapikia wengine chai.

Nakaa chini barabarani. Namwambia kiongozi, jibu ni mimi. Na nikwambie kingine, miaka yote hii nilidhani ni wivu wangu ulioizima ile pombe, nilidhani nina jicho baya, hata watoto wachanga wa watu nimekuwa nawabeba nikiangalia pembeni. Ndiyo maana jana nilitia sukari bila hofu, maana jana sikuwa na wivu na mtu, moyo wangu ulikuwa mweupe. Anasema, wivu ni nini? Namweleza. Anauliza, unayeyuka? Hapana. Una utamu? Mwanzoni. Anasema, basi haujawahi kufika huku, tulichopokea sisi ni kilo mbili. Kumbe. Miaka thelathini na mitatu najihesabu mchawi, kumbe nilikuwa mpumbavu tu, na nakiri kuwa nimesikitika kidogo, maana mchawi ni cheo.

Halafu nakumbuka alasiri. Nasema, mwenyeji, niambie basi, niongeze nini ili iive leo? Moto? Kimea kingine? Anasema, kitendawili. Nasema, tega upesi. Anasema, dawa inayoponya usipoitia. Nasema, kungoja. Nimepata, na sasa ni yeye anayedaiwa mji, na mji mwingine hana ila huu tuliomo. Anaugeuza kama mtu anavyogeuza kapu. Nje ya milango msukumano unapungua, Weupe wanazidi kuwa wachache, mmoja, nusu, hakuna. Mnene anaingia wa mwisho akijifuta jasho, anasema, hatimaye, na mlango unafungwa nyuma yake. Mji mzima unatulia. Barabara zinalegea, mapovu yanaacha kupanda, miji yangu yote niliyotoa inazimika mmoja mmoja, Moshi ya mwisho. Ni kile kimya nilichokisikia kwa sikio langu kutoka nje nikasema, imekufa. Lakini nikiwa ndani nasikia kitu chini ya kimya, kinagonga, kinagonga, taratibu. Nauliza, ni nini? Anasema, seremala. Tumemaliza vya haraka, njaa imeingia, sasa tunakumbuka jinsi ya kutengeneza mlango wa mapacha. Nauliza, itachukua muda gani? Anasema, kama bibi harusi aliyezoea wali wa sherehe mpaka azoee kiburu cha ndizi na maharage. Wewe ulichukua muda gani? Nasema, mwaka, na mpaka leo maharage yake siyapendi. Anasema, sisi usiku mmoja na mchana. Nasema, yeye anakuja leo. Anasema, haji kwetu, anakuja kwako. Na anaondoka, au anagawanyika, maana naona wawili wanaondoka njia mbili tofauti na wote ni yeye.

Basi sijui pa kwenda, narudi ukutani kwa mapacha. Wanasogea, wananipa nafasi katikati, kila mmoja ananishika mkono. Nawaambia, hata nyinyi nimewafungia mara mbili, nianze na nyinyi. Na pale ukutani, kwa kuwa hakuna pombe iliyoiva na hakuna wa kulipokea, nalisema neno lote, kwa sauti, kama nilivyolipanga kwa miaka na hata sivyo nilivyolipanga. Nasema, ni mimi, Ndetaramo. Mkono wa Haikaeli haukupoa. Nilimwaga kilo mbili kwenye pombe ya posa ya mwanawe kwa sababu hawakunitaja, na nilipopewa mwiko wake nikaupokea, na nikaupikia, na watu wakanisifu nikasema asanteni. Kugonga kunasimama. Ukutani kuna ufa wa mwanga. Mkono mmoja kati ya ile niliyoishika unakuwa mkavu, mwepesi, una mifupa.

Endelea, inasema sauti. Ulifika kwenye asanteni.

Nafumbua macho na Haikaeli ameketi kwenye kigoda changu, mkono wangu umo ndani ya wake, mkoba wake uko mapajani, khanga yake ina matone ya mvua. Nasema, shikamoo wifi. Anasema, marahaba, bado unakoroma kama trekta. Nasema, umefika saa ngapi? Anasema, umekuwa unaongea na watu wa ajabu, uliwapa na Arusha. Nasema, ulisikia nini? Anasema, nilisikia kilo mbili. Nyamaza usinijibu kwanza. Anainuka kwa kujishika kwenye pipa, anachovya kata, anaonja, na mimi namtazama koo lake kama mtoto anayesubiri kuchapwa. Anaonja tena. Anasema, tamu. Uji wa watoto kabisa. Nasema, najua. Anasema, basi sijasikia kitu. Pombe haijaiva, neno halijasemwa, hiyo ndiyo kawaida ya kwa baba yangu na siwezi kuivunja mimi niliyekuja jana. Leo, sio jana, namwambia. Anasema, usinisahihishe, Ndetaramo, nina hasira nyingi sana na nimezibeba kutoka Kahe bila kujua ni za nani, na sasa mtu ameniambia usingizini. Nitalala hapa. Ikiiva utaniambia upya, ukiwa macho, uanzie pale mama aliposema maneno yake na wewe ukanuna. Nataka kuiona hiyo sura. Nasema, na gari lako la kurudi? Anasema, limeondoka, nimelipungia mkono.

Halafu mabega yake yanaanza kutikisika, nami sijui kama analia au ni kile kicheko chake cha zamani ambacho kilianzia mabegani, na sithubutu kuuliza. Anasema, sogea huko, njia imenichosha. Nasogea. Anajilaza mkekani upande wangu, mzito kidogo kuliko nilivyomkumbuka, mwepesi kidogo kuliko mtu. Mvua imeacha, au sijui lini iliacha. Nyuma ya ubao kuna sauti ndogo, moja, halafu kimya, halafu mbili, na siwezi kusema kama ni seremala au ni mapovu ya kwanza au ni moyo wake uliopanuka unaogonga karibu na sikio langu. Anauliza, unaisikia? Nasema, naisikia. Wala sigeuki kumtazama. Nafumba macho taratibu, ili kama hii ndiyo ndoto, isinione nikiamka.